Kufufua Gemu Kongwe ya Ngumi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kurudi kwa Street Fighter

Kila likitoka toleo jipya la gemu ya kupigana, maswali hurudi yale yale: kutoka kwa wazee waliocheza kwa koini, na kutoka kwa vijana wasiojua koini iliingizwa wapi. Mfano mkuu hapa ni Street Fighter ya kampuni ya Capcom ya Japani, kwa sababu ndio mfululizo uliozikwa na kufufuliwa zaidi ya mara moja, na safari zote mbili somo lilikuwa tofauti. Fatal Fury na Killer Instinct, gemu nyingine za ngumi, wanaingia pale wanapofaa.

Hivi kweli Street Fighter iliwahi kufa?

Ndiyo, kwa maana ya kwamba hakuna aliyekuwa akitengeneza toleo jipya lenye namba. Street Fighter III: 3rd Strike ilitoka 1999. Iliyofuata, Street Fighter IV, iliingia kwenye mashine za koini za Japani Julai 2008. Miaka 9. Mtoto aliyezaliwa siku 3rd Strike inatoka alikuwa darasa la tatu.

Ilikufaje, na ilikuwa gemu maarufu kuliko zote?

Hapa sababu ziko nyingi na zilikuja kwa pamoja. Street Fighter II ya 1991 ilikuwa moto wa kuotea mbali. Toleo lake la Super Nintendo peke yake liliuza nakala milioni 6.3. Capcom wakaona wasiiache. Likaja Champion Edition, likaja Hyper Fighting, likaja Super, likaja Super Turbo, yote kati ya 1992 na 1994. Watu wakaanza kutania kwamba kampuni haijui kuhesabu hadi tatu.

Wakati wanachelewa kuhesabu, dunia ilihama. Virtua Fighter ilitoka 1993 na wapiganaji wa pande tatu, Tekken ikafuata, na PlayStation ikaingia sebuleni. Mtu akawa na mashine nyumbani. Kwa nini apange foleni na koini mkononi?

Ndipo ikaja Street Fighter III, mwaka 1997, michoro yake imechorwa kwa mkono kwa uzuri ambao hadi leo haujapitwa. Lakini walifanya jambo moja la ajabu: walifukuza karibu familia nzima. Toleo la kwanza lilibakiza Ryu na Ken tu. Hakuna Guile, hakuna Blanka, hakuna Chun-Li (huyu alirudishwa 1999, maji yakiwa yamefika shingoni). Juu ya hapo wakaleta ufundi wa kuzuia pigo kwa kusukuma kijiti mbele wakati ule ule ngumi inapofika. Ukiweza, wewe ni fundi. Usipoweza, anayeweza atakufanya uonekane umesimama.

Mgeni alipoingia hakumkuta mtu anayemjua, na waliokuwemo walimpiga hadi akatoka. Mimi kifo cha gemu hii nakiona hapo kuliko kwenye michoro au soko.

Lakini 3rd Strike si ndiyo ile ya video maarufu ya Daigo?

Ndiyo hiyo hiyo. Agosti 2004, kwenye mashindano ya Evo huko California, Daigo Umehara akiwa na Ken amebakiwa na uhai wa kuhesabu kwa nywele. Justin Wong, akiwa na Chun-Li, akaachia pigo kuu la mateke 15 mfululizo. Kuzuia kwa kawaida kungemmaliza, maana kila teke lililozuiwa lilikula uhai kidogo. Daigo akayakabili yote, moja moja, kwa kusukuma kijiti mbele, kisha akajibu na kushinda raundi. Ukumbi ukapasuka kwa kelele.

Angalia tarehe: miaka 5 baada ya gemu kutoka, wakati kibiashara ilikuwa imeshakwisha. Waliobaki walikuwa wachache, na ndio walioitunza. Watu wa namna hii ni hazina kwa anayetaka kufufua. Pia ni mtego, kwa sababu ukiwasikiliza wao peke yao utatengeneza tena ile ile iliyokufa.

Nani aliirudisha 2008?

Mtayarishaji alikuwa Yoshinori Ono wa Capcom, ambaye alihangaika kuwashawishi wakubwa zake kwamba bado kuna watu wanaitaka. Ujenzi ulifanywa na Capcom pamoja na kampuni iitwayo Dimps. Na hapa kuna hadithi ambayo wengi hawaijui. Mwanzilishi wa Dimps ni Takashi Nishiyama, mtu aliyeongoza Street Fighter ya kwanza kabisa ya 1987. Baada ya ile ya kwanza aliondoka Capcom akaenda kwa washindani, SNK, akaunda Fatal Fury ya 1991. Kwa hiyo Street Fighter ilipofufuliwa, ilifufuliwa kwa mkono wa kampuni ya baba yake aliyekuwa amehama nyumba miaka ishirini kabla.

Street Fighter IV ilifanya nini ambacho III haikufanya?

Iliwarudisha watu nyumbani. Wapiganaji wote 12 wa Street Fighter II ya awali, wakiwemo wale wakubwa wanne wa mwisho, walikuwemo. Aliyeacha kucheza 1994 aliweza kushika pedi 2009, gemu ilipofika kwenye konsoli, na Hadoken, ule mpira wa nguvu anaourusha Ryu, ikatoka kwa mkono ule ule: chini, mshazari, mbele, ngumi. Mikono haisahau.

Miili ilikuwa ya pande tatu, lakini mapigano yalibaki kwenye mstari mmoja, kushoto na kulia. Uamuzi huu unaonekana mdogo, ila ndio uliookoa kila kitu, kwa sababu gemu hii yote imejengwa juu ya umbali: nikisogea nusu hatua teke lako halinifikii, nikirudi nusu hatua langu linakufikia. Ongeza njia ya kuzunguka pembeni na hesabu hiyo inavunjika. Walibadilisha ngozi, mifupa wakaiacha.

Wakaongeza pia pigo kuu ambalo geji yake (kipimo cha nguvu kwenye skrini) hujaa kadiri unavyopigwa. Anayeshindwa ana silaha ya kugeuza mambo. Mafundi walinung'unika, wageni walibaki.

Kasoro yake? Kombo nyingi, yaani mapigo ya kufululiza, zilidai ubonyeze kitufe ndani ya fremu moja, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde. Mlango ulifunguliwa, lakini ngazi ya ndani ilibaki ya kamba.

Street Fighter V ilikuwa ufufuo au msiba?

Ilianza kama msiba. Ilitoka Februari 2016 bila hata ile hali ya kawaida ya kucheza peke yako dhidi ya kompyuta, mpinzani mmoja baada ya mwingine, kitu ambacho gemu nyingi za ngumi zimekuwa nacho tangu enzi za koini. Seva zililemewa siku za mwanzo. Capcom walitarajia kusambaza nakala milioni 2 hadi mwisho wa Machi. Zikatoka milioni 1.4. Hali hiyo iliyokosekana ililetwa Januari 2018, karibu miaka miwili baadaye.

Waliwatazama wachezaji wa mashindano, wakamsahau mtu anayerudi kazini saa mbili usiku akitaka kupiga ngumi nusu saa alale. Haki yake tuiseme lakini: kwa masasisho ya miaka mingi ikawa gemu nzuri, na ikauza zaidi ya milioni 7. Tatizo ni kwamba siku ya kufungua duka hairudi.

"Rolbaki" ni nini, na kwa nini kila mtu anaiimba?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwa msomaji wa huku kwetu, kwa hiyo vuta kiti.

Gemu ya kupigana huenda fremu 60 kwa sekunde. Fremu moja ni takriban milisekunde 16.7. Ngumi nyepesi huchukua fremu nne au tano kufika. Sasa mpinzani wako yuko mbali, na kila anachobonyeza lazima kisafiri hadi kwako. Gemu zifanye nini wakati zinasubiri?

Njia ya zamani ilikuwa kuchelewesha wote wawili. Unabonyeza, gemu inangoja habari za mwenzako, kisha inatenda. Mtandao ukiyumba, kungoja kunarefuka na kufupika, na wewe unahisi unapigana ndani ya uji. Street Fighter IV ilikuwa hivyo.

Rolbaki haingoji. Ngumi yako inatoka papo hapo, na kwa upande wa mwenzako gemu inakisia: inadhani anaendelea kufanya alichokuwa akifanya. Mara nyingi kisio ni sahihi, kwa sababu mtu anayetembea mbele fremu hii huenda bado anatembea mbele fremu ijayo. Habari halisi zikifika na kuonyesha kisio kilikosea, gemu inarudi nyuma fremu kadhaa, inapiga hesabu upya na kukuletea picha iliyorekebishwa. Yote hayo ndani ya kufumba na kufumbua.

Aliyeitengenezea gemu za ngumi ni Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa Evo, karibu 2006, baada ya kuchoshwa na jinsi Street Fighter II ilivyokuwa ikichezeka vibaya mtandaoni. Aliiita GGPO, na 2019 akaiachia huria kwa yeyote. Kampuni kubwa za Japani zilichelewa kuikumbatia. Street Fighter V ilikuwa na rolbaki yake yenyewe, lakini mara nyingi mchezaji mmoja aliona mambo laini na mwingine akaona wapiganaji wanaruka kama majini. Januari 2020 shabiki mmoja alitoa kiraka chake mwenyewe (marekebisho ya programu) kwa kompyuta, kikafanya kazi vizuri kuliko cha kampuni. Muda si mrefu kampuni nayo ikatoa chake.

Street Fighter 6 ndiyo iliyofika na jambo hili limepikwa likaiva. Siku hizi hata Virtua Fighter, mzee wa 1993, alipoingia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, Januari 2025 kwa jina la Virtua Fighter 5 R.E.V.O., zawadi kubwa aliyokuja nayo ilikuwa rolbaki.

Je, rolbaki inamsaidia aliyeko Mombasa au Dar?

Inamsaidia, lakini haifuti bahari. Fanya hesabu nami. Kebo ya TEAMS iliyofika Mombasa 2009 inakwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, takriban kilomita 5,000. Mwanga ndani ya kioo cha kebo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda ni milisekunde 25, kwenda na kurudi ni 50. Hizo ni fremu 3, kabla ya vituo vya njiani havijatoza ushuru wao. Fremu 3 rolbaki huzimeza bila wewe kujua. Ulaya ni mbali zaidi na mara nyingi unapita milisekunde 100. Hapo utaona mtu anaruka kidogo, ila mtaweza kucheza. Japani, wasalimie tu.

Jambo jingine ambalo watu hulichanganya: katika Street Fighter 6 pambano lenyewe hukuunganisha moja kwa moja na mpinzani wako. Kwa hiyo kilio cha "tuletewe seva Afrika" hakigusi kiini cha jambo. Kinachokosekana ni majirani. Wakiwa watu 200 Nairobi na Dar wanaocheza jioni moja, mtandao wao utakuwa mzuri kuliko seva yoyote.

Na kuhusu bando: pambano linakula kidogo sana, kwa sababu kinachotumwa ni vitufe ulivyobonyeza, si picha. Kinachomaliza bando ni kupakua. Street Fighter 6 kwenye kompyuta inadai nafasi ya GB 60, na masasisho hayaombi ruhusa ya mfuko wako. Tumia waya ukiweza, si Wi-Fi. Gemu humwonyesha mpinzani uko kwenye kipi, na wapo wanaokukataa wakiona tu ile alama ya Wi-Fi.

Vidhibiti vya kisasa vya Street Fighter 6, vile vya kutoa pigo maalumu kwa kitufe kimoja, si ni kuwabeba wasiojua?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na najua hasira inatoka wapi. Nilijifunza Hadoken kwenye kibanda cha mtaani, kwa pedi ambayo mshale wa kulia ulikuwa umelegea, kwa hiyo Hadoken yangu ilitoka nikiangalia kushoto tu. Nikaona mtoto anaitoa kwa kitufe kimoja, roho iliniuma.

Lakini tazama bei anayolipa. Pigo maalumu lililotolewa kwa njia ya mkato lina nguvu pungufu kwa asilimia 20. Baadhi ya ngumi na mateke ya kawaida hana kabisa. Akitaka nguvu kamili anaweza kuzungusha kijiti kama sisi. Anachopata ni wepesi wa kujibu, na kwa hilo nakubali: akikungoja uruke, hakosei.

Sasa jiulize ugumu wa gemu hii uko wapi. Vidole au kichwa? Kutoa Hadoken mtu hujifunza kwa wiki. Kujua wakati wa kutoitoa, hicho huchukua miaka. Vidhibiti vya kisasa vinampitisha mgeni kwenye ile wiki ya kwanza ya aibu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikifukuza watu tisa katika kumi ninaowajua. Akishaingia ndani, atapigwa vizuri tu.

Geji ya Drive nayo?

Hii ndiyo akili kubwa ya toleo la 6, na haisemwi vya kutosha. Katika gemu za zamani unaanza raundi mikono mitupu na kujaza geji polepole. Hapa kila mtu anaanza na vipande vyote 6, tangu sekunde ya kwanza. Unavitumia kupokea mapigo, kukimbia mbele, kuongeza nguvu pigo maalumu, au kutoa lile dhoruba la rangi linalopenya mashambulizi. Ukivimaliza, mpiganaji wako anaishiwa pumzi na unalipa mpaka vijae tena.

Kwa hiyo mgeni na bingwa wanaingia ulingoni na pochi moja. Tofauti ni nani anajua kutumia.

Mimi sipendi kushindana na watu. Nina nafasi?

Unayo. Street Fighter 6, iliyotoka tarehe 2 Juni 2023, ina World Tour: unaunda mtu wako, unatembea mjini, unapigana na wapita njia, unakuwa mwanafunzi wa Ryu au Chun-Li. Hadithi yake ni nyepesi, sitakudanganya. Lakini bila kujua unajifunza kuzuia, kurusha na kupima umbali. Wamejifunza kutoka 2016. Ndani ya takriban mwezi mmoja zilikwenda nakala milioni 2.

Ni lazima kurudisha wahusika wa zamani?

Baadhi, siku ya kwanza. Toleo la 6 lilifunguliwa na wapiganaji 18, wakongwe na wageni wakichanganywa, na hicho ndicho kipimo ninachokikubali.

Na kwa kuwa mtauliza: ndiyo, kuna Mkenya. Elena alianza 1997 katika Street Fighter III, binti wa mfalme, mateke matupu, na alijiunga na toleo la 6 Juni 2025 kama mhusika wa kulipia. Nampenda kwa jinsi anavyotembea kwa mdundo. Lakini mtindo wake ni capoeira, ambayo ni ya Brazil, na ukoo wake ni ule wa "mwana wa chifu wa savana" ambao wachoraji wa mbali huupenda. Baadhi ya mapigo yake yana majina ya wanyama, kuna hata pembe la kifaru. Hakuna Nairobi, hakuna matatu, hakuna hata mtu wa kumuuzia mahindi ya kuchoma. Kumfufua mhusika ni nafasi ya kumtazama upya, na hapa naona walitazama nusu.

Fatal Fury: City of the Wolves inatufundisha nini?

Kwamba pesa zinaweza kumfufua mtu, lakini haziwezi kumtafutia marafiki. Garou: Mark of the Wolves, toleo la Fatal Fury lililotangulia hili, ilitoka 1999. SNK ikafilisika 2001, ikapita mikononi mwa watu, na kufikia 2022 asilimia 96 ya hisa zake ilikuwa ikimilikiwa na taasisi ya MiSK ya Saudi Arabia. Mwendelezo ulifika Aprili 2025, miaka 26 baadaye. Mapigano yake ni matamu, kuna mtindo rahisi kwa wageni, kuna rolbaki.

Na kuna Cristiano Ronaldo. Siyo utani, ni mhusika kamili, anapiga watu kwa mpira. Lengo linaeleweka: mgeni aone sura anayoijua. Lakini shabiki wa Ronaldo hakuwa akitafuta gemu ya ngumi, na shabiki wa Garou aliyengoja miaka 26 hakuwa akimngoja Ronaldo.

Na Killer Instinct?

Ilirudi Novemba 2013 pamoja na Xbox One, bure, ukipewa mpiganaji mmoja, Jago. Wengine unanunua mmoja mmoja. Rolbaki ilikuwemo tangu siku ya kwanza, miaka kumi kabla ya Street Fighter 6. Hata studio ya kwanza iliponunuliwa na Amazon 2014 na kazi kukabidhiwa Iron Galaxy, gemu haikuyumba. Walioipuuza walipitwa.

Kwa nini nilipie wahusika mmoja mmoja? Zamani ulinunua gemu nzima.

Zamani ulinunua Super, kisha ukanunua Super Turbo, kwa bei kamili kila mara. Siutetei mfumo wa sasa, hasa bei za mavazi, zinakera. Ila angalau aliyebaki na gemu ya msingi bado anaweza kupigana na mwenye kila kitu.

Watu wa ukanda wetu wanafika mbali kweli?

Evo ya 2023 ilikuwa na washiriki zaidi ya 7,000 kwenye Street Fighter 6, na aliyebeba taji hakutoka Japani wala Marekani. Alikuwa AngryBird wa Falme za Kiarabu, akimtumia Ken, akamshinda MenaRD wa Jamhuri ya Dominika kwenye fainali.  Kwetu, kwa upande wa Tekken, Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani 2018.

Nianze wapi bila kutoa hela?

Pakua onyesho la bure la Street Fighter 6. Lina Ryu na Luke. Chagua Luke, vidhibiti vya kisasa, maliza mafunzo yake. Kisha mwite jirani mwenye pedi ya pili, mkae kochi moja, maana pale hakuna kebo ya kulaumu.